Kigae Hakirudi Kimya

"Kigae hakirudi kimya."

Naam, mmesikia sawasawa. Jirani alikuwa anamwambia hivyo muuza viatu kwenye simu, nanyi mmeacha chai yenu ipoe mkaja kuniuliza, kana kwamba mimi ndiye kamusi ya mtaa. Haya, sogeeni. Na huyo anayechungulia mlangoni aingie, nyumba hii haijawahi kumkosesha mtu pa kukaa. Msemo huu hatukurithi kwa mababu. Umezaliwa hapa hapa Tanga, na siku unazaliwa mimi nilikuwepo, nimevaa sare, nimelibeba boksi zamu yangu. Chanzo chake ni hiki.

Hapa Ngamiani palikuwa na fundi cherehani aitwaye Mwantumu. Mwanamke mpole, maneno yake ya kuhesabu. Kaka yake alifariki akamwachia binti, Nuswaiba, naye akamlea hadi akapata mchumba. Sasa desturi ya mtaa huu mnaijua. Siku ya kumtolea mwari vyombo, wanawake tunakusanyika uani, tunacheza, na zawadi ya shangazi ndiyo inayokuja mwisho. Haifunguliwi mapema. Shangazi akiipata anaifunika, na mwari mwenyewe ndiye anayeikata kamba mbele ya watu. Ukiifungua kabla utaambiwa umechomoa kitu.

Mwantumu alitaka kumpa mtoto wake seti ya vyombo vya udongo: sahani, mabakuli na vikombe, vyeupe, vyenye ukingo wa dhahabu. Aliviona mtandaoni, kwenye duka lililojiita Pambo la Meza. Muuzaji hakutaja jina, alijiita Meneja tu. Akasema duka liko Dar es Salaam, mzigo utapanda basi, na nauli ya mzigo ni juu ya mteja. Mwantumu akatuma hela yote, ya vyombo na ya nauli. Ilikuwa jasho la mashono ya mwezi mzima.

Siku ya tatu bodaboda akaleta boksi. Mwantumu alipolinyanyua likalia ndani, kilikili, kilikili. Yeye akasema moyoni, hivi ni vijiko, kumbe wameniongezea na vijiko! Akalifunika kwa kanga mpya, akaliweka juu ya kabati, akawa anapita analitazama kama mtu aliyefuga njiwa.

Siku ikafika. Jamani, uani kwao palijaa wanawake sitini, acha wale waliokaa ukutani. Nuswaiba akashika wembe, akakata selotepu. Akaingiza mkono, akatoa sahani nzima, vigelegele! Akatoa ya pili, nzima. Akaingiza tena, akatoa nusu sahani. Kisha robo. Kisha kikombe bila mkono wake. Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

Ndipo Bi Hidaya, shangazi wa bwana harusi, akasema kwa ile sauti ya kumwambia mtu mmoja ili wasikie wote: "Eti vigae. Mwari anapewa vigae. Huyu shangazi anaiombea ndoa ikae au ivunjike?"

Mnajua mtaa wetu, neno halilali. Ilipofika alasiri, kule barabara ya kumi na tano walikuwa wanasimulia kwamba Mwantumu hataki Nuswaiba aolewe, kwamba vyombo vizima kabakiza nyumbani kwake. Kesho yake wateja wawili wakaja kuchukua vitambaa vyao, havijashonwa. Na Nuswaiba, mtoto aliyelelewa kwa mikono ile, akamuuliza: "Shangazi, uliviangalia lakini?" Swali hilo ndilo lililomkata Mwantumu, kuliko maneno ya Bi Hidaya.

Akampigia Meneja kwa adabu. Meneja akajibu kwa meseji: "Mzigo ukishapokelewa haurudi. Umekaa nao siku tano. Umevunja mwenyewe." Akapiga tena, akabembeleza, akatuma picha. Mara ya saba akakuta amefungiwa.

Akaja kwangu analia. Kwangu, kama kawaida, hapakosi watu, na siku hiyo walikuwepo kina mama wanane wanachambua mchele wa pilau. Tukamwaga lile boksi kwenye mkeka. Tukaanza kuunga vigae, hiki na hiki, kama watoto wanavyochezea picha. Sahani ya kwanza ikakosa kipande kikubwa kama kiganja. Ya pili nayo ikakosa. Mikono ya vikombe, hakuna hata mmoja.

Bi Mwanakombo, mfumaji wa vitambaa vya meza, akauliza taratibu: "Kama vilivunjikia humu ndani ya boksi, vipande vingine viko wapi? Vimetoka kwenda kununua maandazi?"

Tukatazamana. Nuswaiba alikata selotepu mbele ya watu sitini, na simu tatu zilikuwa zinarekodi. Basi vyombo vile vilipakiwa vikiwa vimeshavunjika! Mtu alizoa sakafuni, akaacha vipande vingine, akafunika kwa sahani mbili nzima.

"Lakini nitampatia wapi?" Mwantumu akasema. "Dar es Salaam ni kubwa, na simu kanifungia."

Nikafungua ukurasa wa lile duka kwenye simu yangu, nikawaonyesha picha ya vyombo vilivyopangwa juu ya meza. Bi Mwanakombo akavaa miwani, akaivuta simu mpaka puani.

"Kuza hapo."

"Kwenye sahani?"

"Sahani ina nini? Kuza kitambaa cha meza." Akakodoa macho, akaanza kucheka. "Loo! Hiki nilikifuma mimi. Uzi mwekundu uliniishia, maua mawili ya pembeni nikamalizia na zambarau. Mama Twaha wa Makorora alikichukua akinuna, akataka nimpunguzie bei kwa ajili ya hayo maua."

"Makorora ipi?"

"Kwani zipo ngapi? Hiyo hiyo, nyuma ya mashine ya kusaga. Ana kijana, Twaha, anashinda kwenye simu tangu asubuhi."

Kwa hiyo Dar es Salaam ya Meneja ilikuwa mwendo wa miguu! Na nauli ya basi alikuwa ameitia mfukoni.

Mwantumu akafuta machozi. Akasema ataenda peke yake, amwombe. Hapo mimi nikamkatalia. Nikamwambia, shoga, umeaibishwa mbele ya watu sitini, halafu urudishiwe heshima chooni? Ukirudi na hela yako peke yako watasema umeikopa. Vyombo vya mwari vinakwenda kwa ngoma, na hivi navyo vitakwenda kwa ngoma. Akajifunga kanga kiunoni. Kisha akasema, "Basi na Bi Hidaya aje." Hapo nikajua mpole amechoka.

Jumapili saa nne asubuhi tukatoka. Wanawake arobaini, sare ile ile ya kutolea vyombo. Mbele kundi la matarumbeta. Mkuu wao, Mbaruku, amekula pilau zetu miaka kumi, na aliposikia tunakwenda kwa nani hakutaja bei. Boksi tumelibeba kichwani kwa zamu, linalia kilikili, nasi tunaitikia:

"Meneja fungua mlango, mzigo wako umefika!"

Mtaa wote ukatufuata. Wauza samaki wakaacha karai motoni. Bi Hidaya alikuwa nyuma, amejifunika, lakini hakukosa. Mtu wa maneno hawezi kukosa tarumbeta.

Twaha akatoka na msuli na fulana, mswaki mdomoni.

"Kuna harusi?" akauliza.

"Ipo," akasema Mwantumu. "Tumemletea Meneja vyombo."

Mswaki ukaganda. "Mama, mmekosea nyumba. Mimi sina duka."

Bi Mwanakombo akampita kama upepo, akaingia sebuleni kwao akitoa salamu kwa mama mtu, akarudi ameshika kitambaa chake kwa ncha mbili, kama bendera. Maua mawili ya zambarau, kila mtu akayaona. Nikainua simu yenye picha ya duka. Watu wakalinganisha, wakapiga mayowe.

"Sawa," Twaha akasema, sauti imeshuka. "Lakini mlikaa na mzigo siku tano. Labda mliangusha."

"Nionyeshe basi mkono mmoja wa kikombe humu ndani," Mwantumu akamwambia, akalitua boksi miguuni pake. "Mmoja tu. Ukiuona, mimi nageuka na watu wangu tunaondoka, na nakuomba radhi."

Akainama, akapekua. Mbaruku akaanza kumpigia ngoma taratibu, du, du, du. Twaha akapekua mpaka chini. Akasimama na kigae mkononi, jasho linamtoka.

"Mama zangu," akasema, "mngekuja wawili watatu, kimya kimya, tukayamaliza ndani. Tarumbeta ya nini?"

Na Mwantumu, yule mwanamke ambaye maneno yake tulikuwa tukiyahesabu, akamjibu kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake:

"Kimya nilikuja mara saba, ukanifungia. Vigae vyako havikunijia kimya, vilitolewa kimoja kimoja mbele ya watu, na kila kimoja kilinikata. Leo navirudisha. Na kigae hakirudi kimya, baba!"

Weee! Makorora nzima ikalipuka. Mbaruku akalidaka neno akalifanya wimbo papo hapo.

Twaha akakimbilia ndani, akarudi na hela, ya vyombo na ya ile nauli. Akazisukuma mkononi mwa Mwantumu ili tuondoke. Mwantumu akaurudisha mkono wake.

"Hela baadaye. Kwanza sema."

"Niseme nini?"

"Vilivunjikia wapi."

"Vilivunjika... hapa."

"Hatusikii!" tukasema wote.

Mbaruku akampa kipaza sauti. Twaha akakipokea, akasema kwamba meza iliteleza siku ya kupiga picha, vyombo vikaanguka, akazoa alivyoweza kuzoa, na akaona mteja wa mbali hatajua. Mama yake akatoka akiwa ameshika kichwa. "Twaha! Ndicho kile kishindo ulichoniambia ni paka?"

Mwantumu hakumtazama tena. Aligeuka, akapasua umati mpaka nyuma kabisa. "Bi Hidaya, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi na wewe sema, kwa sauti ile ile ya siku ile."

Bi Hidaya akatazama kulia na kushoto, watu wamejaa, simu zimeinuliwa. Akajivua mtandio. "Shangazi hakumpa mwari vigae," akasema. "Vigae alipewa yeye, na sisi tukamwongezea vingine. Nisamehe, Mwantumu."

Ndipo Mwantumu akapokea hela yake. Nuswaiba, aliyekuwa nasi katika msafara, akamshika mkono, hakuuachia mpaka Ngamiani.

Boksi tuliliacha pale pale kibarazani kwa Meneja. Lakini neno lilirudi nasi, na kabla ya mwezi kwisha nililisikia stendi, nikalisikia sokoni, na abiria mmoja akalisema kwa kondakta aliyempa tiketi ya uongo. Msilichukue kama ruhusa ya kugomba na kila mtu. Kwanza omba kwa adabu, Mwantumu aliomba mara saba. Lakini ukiona aliyekudhulumu ndiye anayekusihi unyamaze, jua ukimya huo ni mali yake, si yako. Beba kibovu chake juu, kikilia acha kilie, ukamkabidhi watu wakiona. Akikuuliza kelele za nini, mwambie: kigae hakirudi kimya.