Mnyama Aliyekula Mlima

Hapo zamani za kale, wanangu, Tembo alikuwa mpasua mbao. Alikata magogo juu mlimani na kuyaburuta hadi nyumbani kwake bondeni, krrr, krrr, kila siku kwa njia ile ile. Njia ikawa mfereji. Mvua zikaja, mfereji ukawa shimo, na shimo likawa korongo ambalo hata Tembo mwenyewe akiingia alionekana masikio tu.

Kando ya korongo hilo aliishi Bi Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Alikuwa na watoto wawili wachanga, bado hawajaweza kutembea. Masika yalipoanza, korongo lilikuwa hatua zake arobaini kutoka mlangoni. Sasa zilibaki tisa. Kila mvua iliponyesha alisikia udongo ukimeguka, poromo, poromo, naye akawakumbatia wanawe huku meno yakimgongana.

Mara tatu alikwenda kumwomba Tembo abebe magogo badala ya kuyaburuta, maana maji ya mvua yalikuwa yakifuata mfereji wake na kuuchimba. Tembo akacheka hadi tumbo likatikisika. Akasema maji ni maji tu, yeye huyanywa pipa zima asubuhi na hayajamfanya lolote. Kama mama anaogopa kulowa, basi ahame. Masikio yote yale, wanangu, na hasikii!

Mara ya nne Bi Sange hakuomba kitu. Alifika akihema, akasema kwa sauti ya chini, "Bwana Tembo, usipite korongoni leo. Kuna mnyama."

"Mnyama gani?"

"Hana miguu wala macho. Anakula ardhi. Juzi alikula mkwaju mzima, na mizizi yake. Anafuata alama za magogo yako, na alama hizo zinaishia kwako."

Tembo alijifanya kucheka, lakini alikwenda kutazama. Akasimama ukingoni. Mchana ule ule wingu likatanda huko juu mlimani, na muda si muda kikasikika kishindo: ngu-ngu-ngu-ngu. Ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zake. Kitu chekundu, kizito, kikapita kule chini kikibingirisha mawe, na ukingo aliousimamia ukakatika. Poromo! Mguu wake wa mbele ukaning'inia hewani.

Basi huyu huyu mkubwa alirudi kinyumenyume akilia kama mtoto.

"Atafika kwangu?" aliuliza.

"Masika haya haya. Ila mawe hawezi kuyameza. Mpangie mawe na magogo, uzibe njia yake kuanzia juu hadi chini, kizuizi baada ya kizuizi. Atachoka, na atatapika alichokula."

Siku tatu Tembo alibeba mawe. Hakuburuta hata gogo moja, maana aliogopa alama zisije zikamwita yule mnyama. Jani likidondoka, anageuka. Bi Sange naye hakuwa akicheka, kwani mvua nyingine ilishapita na hatua zilibaki nne. Aliogopa kuliko Tembo.

Siku ya nne ikanyesha mvua kubwa. Bi Sange alijifungia ndani na wanawe, akasikia kishindo kikishuka. Kikagonga kizuizi cha kwanza, ngu. Kikagonga cha pili, taratibu zaidi. Cha tatu, ikasikika sauti ya maji yakimiminika tu. Alisubiri ile poromo, nayo haikuja.

Mvua ilipokatika, wawili hao walichungulia. Nyuma ya kila kizuizi udongo ulikuwa umetulia, laini na mwekundu, umejaza nusu ya shimo.

"Ametapika," Tembo alinong'ona. Kisha akavuta pumzi, akafurahi. "Basi amekufa huyo. Kesho nitaburuta magogo yangu."

Bi Sange akawaza haraka. Akinyamaza, korongo litarudi. Akisema kweli, atakanyagwa.

"Hajafa," alisema, akionyesha maji yaliyokuwa yakichuruzika kati ya mawe. "Ndiye huyo. Ni maji, na njia umeyachimbia wewe."

Tembo alitanua masikio. Akainua mguu, na kivuli chake kikamfunika Bi Sange mzima. Bi Sange alifumba macho lakini hakukimbia, maana nyuma yake kulikuwa na mlango wa wanawe.

"Umenidanganya," Tembo alisema.

"Nilikwambia kweli mara tatu, ukacheka."

Mguu ulikaa juu muda mrefu. Tembo alitazama chini korongoni, kule ambako nusura aangukie, akaanza kutetemeka upya. Kisha akautua mguu kando, taratibu, akaondoka. Kesho yake alishuka mlima na gogo mgongoni, jasho likimtoka, na hakumtazama mtu.

Nami ninakomea hapo, wanangu, na funzo lake ni hili: maji hupita pale tulipoyafungulia njia, wala hayaulizi nyumba ya nani iko mbele.