Maji ya Mpiga Mbiu

Waliohudhuria kikao cha kijiji cha Ivungu siku ya Jumanne walikuwa hawa: Bwana Senkondo Mfinanga, mwenyekiti, Bwana Obedi Kajiru, katibu, ndiye aliyeshika daftari, Bibi Namkunda Mshana, mjumbe wa akina mama, Bwana Msami Mbwambo, mlinzi wa ndiva, yaani bwawa la kijiji la kumwagilia mashamba, na Sefania Mgonja, mpiga mbiu. Yoeli Mgonja, mdogo wake Sefania kwa baba na mama, hakuwapo, kwa kuwa hakuwa mjumbe.

Kikao kilikuwa na jambo moja. Ukuta wa ndiva ulikuwa na ufa. Bwana Mbwambo alisema kwamba mkono wa mtu mzima ungeweza kuingia katika ufa ule hadi kifundoni. Masika yalikuwa yameanza, na mlango wa kutolea maji ulikuwa mdogo kuliko maji yaliyokuwa yakiingia. Iliamuliwa kwamba nyumba nne zilizo chini ya ndiva zihamwe kabla ya Jumatatu, na wenyewe wakae katika ghala la kanisa mpaka ukuta ujengwe upya. Katibu aliandika. Mpiga mbiu alipewa neno ili alipeleke.

Mtu huyo alikuwa na kazi moja katika kijiji, na aliifanya kwa miaka ishirini na mitatu bila lawama. Neno la kijiji lilipotoka katika kikao, yeye alilichukua nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ilikuwa na kanuni yake. Mpiga mbiu alipofika mlangoni hakusema kitu. Mwenye nyumba alimletea maji katika kibuyu, naye akanywa, ndipo akasema. Akisema kabla ya kunywa, alikuwa amepiga kelele tu, na mwenye nyumba alikuwa na haki ya kujibu baadaye kwamba hakuambiwa. Kanuni hiyo iliwekwa zamani, ili mtu asipitishe neno zito njiani huku akikimbia, na ili anayelipokea apate nafasi ya kukaa chini. Ilikuwa kanuni nzuri.

Sefania alizifikia nyumba tatu siku hiyo hiyo ya Jumanne. Alikunywa, akasema, na wenyewe walianza kufunga vyombo.

Nyumba ya nne ilikuwa ya Yoeli. Ndugu hao wawili walikuwa hawajaketi pamoja kwa miaka kumi na mmoja. Waligombana juu ya zamu ya maji ya shambani. Yoeli alifungua mfereji siku ambayo Sefania alisema ni yake, na Yoeli akasema ni yake mwenyewe, na mlinzi wa ndiva wa wakati huo, marehemu Bwana Kirumbe Mchome, alikufa kabla ya kutoa ushahidi. Tangu hapo hakuna aliyekula kwa mwenziwe. Nao walijua, kama kila mtu wa Ivungu alivyojua, kwamba wa kwanza kunywa maji katika nyumba ya mwenziwe ndiye atakayekuwa amekubali kosa.

Kwa miaka hiyo yote jambo hilo halikuleta shida, kwa sababu maneno ya kijiji yalikuwa madogo: kusafisha mfereji, kuchanja ng'ombe, ugeni wa bwana shamba. Sefania aliyatamka akiwa ng'ambo ya mfereji, na Yoeli alikuja kazini au hakuja.

Siku hiyo pia Sefania alisimama ng'ambo ya mfereji. Yoeli alikuwa barazani akipukuchua mahindi pamoja na mkewe, Nakijwa.

"Ndiva ina ufa!" Sefania aliita. "Mhame kabla ya Jumatatu! Mwende ghala la kanisa!"

Yoeli hakuinua kichwa. "Mama Eliamani, nani huyo anayewatisha mbuzi wangu?"

"Ni kaka yako, wamjua."

"Kama ni kaka yangu, njia ya kuja hapa haijaota miiba. Na kama ni mbiu ya kijiji, kibuyu kile pale, kimeoshwa."

Sefania aliyasikia hayo. Alingoja kidogo, kisha akarudi alikotoka, akamwambia katibu kwamba neno limefika. Katibu aliandika katika daftari: Nyumba nne, zote zimeambiwa.

Siku ya Alhamisi Nakijwa alipanda kwenda kwa shemeji yake. Alimkuta akinoa jembe, wala hakuketi.

"Shemeji, njoo unywe funda moja tu. Hata usipomeza. Tema nje, mimi sitasema."

"Nimekwisha kusema, mke wa ndugu yangu. Watu wa upande ule wote wamesikia. Hata mbuzi wenu wamesikia."

"Mbuzi hawana ugomvi na mtu, wao wangekwisha kuhama."

Sefania alicheka, kwa maana alimpenda shemeji yake. Lakini hakuacha kunoa jembe. "Mwambie atoke," alisema. "Akitoka kwa mguu wake, nani atamwuliza kama nilikunywa?"

"Yeye asema hivyo hivyo juu yako. Ukija kwa mguu wako, nani atakuuliza?"

Nakijwa alikwenda kwa mwenyekiti, akaomba mtu mwingine apelekwe. Bwana Mfinanga alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema kwamba kupeleka neno ni kazi ya mpiga mbiu, na kumtuma mtu mwingine ni kumvua kazi hadharani mtu asiye na kosa. Lakini alimwagiza katibu aandike barua. Barua iliandikwa, ikapigwa muhuri, ikabandikwa mlangoni kwa Yoeli. Yoeli, aliyesoma mpaka darasa la nne, aliisoma yote akiwa amesimama.

"Bwana Kajiru ana mwandiko mzuri," alimwambia mkewe. "Mwambie nimesema hivyo. Lakini karatasi haina koo."

Siku ya Jumamosi Nakijwa alihama peke yake. Alichukua mbuzi, magodoro na picha za watoto wao, ambao wote walikuwa wameolewa au wamepata kazi mbali. Alimwambia mumewe kwamba hataweza kulala kwa kumfikiria. Yoeli alimsaidia kufunga mizigo, na alimsindikiza mpaka kwenye daraja la mfereji. Hapo alimpa kamba ya mbuzi na kumwambia, "Nitatoka nikiambiwa." Kisha alirudi.

Jumapili mvua ilinyesha tangu ibada ya asubuhi. Kufikia saa tisa maji yalikuwa yakitoka katika ufa, na Bwana Mbwambo aliwaita wanaume waje na mifuko ya mchanga. Sefania hakwenda pamoja nao. Alivaa kofia yake, akashuka kwa njia ya mfereji. Watu waliokuwa kwenye mteremko walimwona, na Nakijwa alimwona kutoka ghalani, naye aliwaambia waliokuwa karibu naye kwamba shemeji yake anakwenda kunywa.

Sefania alifika kwenye daraja, akasimama. Aliita mara moja, kwa sauti kubwa kuliko alivyopata kuita katika kazi yake. Yoeli alitoka barazani. Alikuwa ameshika kibuyu. Alikinyoosha mbele yake kwa mikono yote miwili, kama mtu anavyompa mgeni wa heshima, akasimama hivyo kwenye mvua. Sefania alikuwa ameweka mguu mmoja juu ya ubao wa daraja. Waliokuwa juu waliwapigia kelele wote wawili kwa majina yao, lakini hakuna aliyesogea.

Ukuta ulivunjika saa kumi kasorobo. Maji yalichukua nyumba zote nne. Tatu zilikuwa tupu. Daraja lilichukuliwa pia, lakini Sefania alikuwa upande wa juu, na watu walimvuta.

Jumatatu asubuhi kikao kiliitishwa. Waliokuwapo ni wale wale watano. Jambo la kwanza lililoulizwa ni kama Yoeli Mgonja alikuwa ameambiwa. Bwana Mbwambo alisema aliambiwa, kwa kuwa daftari linasema hivyo, na barua ilikuwa mlangoni pake. Bibi Mshana alisema hakuambiwa, kwa kuwa maji hayakunywewa, na kwamba kanuni haiwezi kuwa kanuni kwa nyumba tatu na kuachwa kwa nyumba ya nne. Mwenyekiti aliona kwamba kila mmoja alikuwa na hoja. Iliulizwa umbali kutoka daraja mpaka baraza ya Yoeli, na katibu, ambaye alikuwa amekwisha kwenda kupima, alijibu kwamba ni hatua thelathini na moja. Mazungumzo yalikuwa ya adabu, na yaliendelea mpaka karibu saa sita.

Mwishoni walimwita mjane atoe ushahidi. Mwenyekiti alimpa pole, akamwuliza kwa upole, "Mama Eliamani, tusaidie. Mumeo alijua kwamba ukuta una ufa?"

Nakijwa alimtazama kwanza yeye, kisha akamtazama mlinzi wa ndiva.

"Alijua kabla yenu," alisema. "Mwulize Bwana Mbwambo ni nani aliyemshika mkono akampeleka kumwonyesha."

Bwana Mbwambo aliinamisha kichwa, akasema kwamba ni kweli. Yoeli ndiye aliyeuona ufa kwanza, siku ya Jumatatu iliyotangulia kikao cha Jumanne, na ndiye aliyesema kwamba kijiji kipewe habari.

Basi tuwahesabu. Yoeli alijua. Sefania alijua kwamba Yoeli anajua. Mlinzi alijua, na mwenyekiti, na katibu aliyeandika kwa mwandiko mzuri, na mteremko mzima uliokuwa ukitazama. Ikiwa watu wote hawa walikuwa na habari moja ile ile, ni nani kati yao aliyekuwa bado anangoja kuambiwa, na aambiwe nini?

Kikao hakikuliamua jambo hilo. Katibu aliacha mstari mtupu katika daftari. Lakini kulikuwa na neno jipya la kupelekwa nyumba kwa nyumba, na kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Mwenyekiti alisema kwamba safari hii mtu mwingine anaweza kwenda, na hakuna atakayeona vibaya. Sefania alisimama, akasema kwamba atakwenda yeye.

Alizunguka kijiji kizima tangu saa saba mpaka jua likaribie kuchwa. Ghala la kanisa alilifikia mwisho. Nakijwa alikuwa ameketi mlangoni, na mbuzi walikuwa wamefungwa nyuma yake. Hakuwa na kibuyu, kwa hiyo alichota maji katika kikombe cha bati alichoazimwa na watu wa kanisa. Sefania alikipokea kwa mikono miwili. Alikunywa yote, akamrudishia kikombe, akangoja mpaka shemeji yake akae vizuri. Kisha alimwambia kwamba Yoeli Mgonja, mtoto wa Eliakimu Mgonja, wa nyumba ya nne chini ya ndiva, amefariki dunia.