Jina Moja katika Kitabu cha Mirsini

Hapo zamani, wala si zamani sana, wakubwa wa Ugiriki walimwogopa mwanamke mwenye kalamu. Jina lake Mirsini. Aliandika habari za wafungwa na wajane, basi wakampeleka kisiwa cha mawe matupu pamoja na wanawake wenziwe. Njia ya kutoka ilikuwa moja: utie saini karatasi ya toba, ukane siasa zako, kasisi aisome kanisani kwenu watu wote wasikie.

Mirsini alikataa. Akawa anakohoa damu na kuandika kitabu kwa siri. Siku moja akaambiwa, "Umetubu, nenda nyumbani." Akashangaa, maana hakutia saini popote.

Miaka arobaini ikapita. Kitabu kikawa kinachapwa upya, na ukurasa wa tabaruku, wa kumtaja anayetunukiwa kitabu, ukabaki mtupu, ukingoja jina moja tu. Ikafika sikukuu ya jina la Mirsini, siku ambayo Wagiriki huacha mlango wazi na wageni huja bila kualikwa. Wakaja wazee watatu.

Dada yake, Katina, akasema, "Saini niliighushi mimi. Ulikuwa unakufa, Mirsini. Karatasi iliposomwa kanisani nilisimama mbele, wakanitemea mate. Ungezikwa kule, ungeandika nini?"

Mirsini akasikia. Hilo alilijua siku nyingi. Wenziwe walimwita msaliti naye hakujitetea, dada yake asije akafungwa.

Despo, aliyelala naye hema moja kisiwani, akasema, "Mimi sikutubu. Ulipoondoka, daftari la kitabu chako nililishona ndani ya godoro, nikalilalia miaka mitano hadi kisiwa kilipofungwa. Nilikuona msaliti, na bado nikalitunza. Nikaliweka mlangoni pako, nikaenda zangu bila kubisha hodi." Kisha akamtazama Katina. "Kumbe ni wewe. Na mimi nimemnunia mtu miaka yote hii."

Mirsini akasikia. Alikuwa amemkumbuka sana Despo. Alikikumbuka hata kisiwa kile kibaya, chai ya majani ya mlimani waliyogawana kikombe kimoja na nyimbo za kufulia nguo, akaona haya kwa hamu aliyokuwa nayo.

Thanasi mpiga chapa akasema, "Serikali ilikuita mkomunisti, wakomunisti wakakuita msaliti. Nani angekichapa kitabu chako? Nilikichapa mimi. Wakaja watu na nyundo wakaivunja mitambo ya baba yangu, na tangu hapo nauza karanga. Bila mimi kingeliwa na panya."

Mirsini akasikia. Safari hii machozi yalimtoka, akachukua kalamu.

"Andika jina la dada yako," Despo akasema. "Mimi nimezoea kusahauliwa."

"Mimi sitaki tena kuandikwa," Katina akajibu. "Nilimwachia aibu, nikakaa kimya."

Thanasi alikuwa akiutazama ule ukurasa.

Haya, wasikilizaji wangu, msiniambie wote watatu. Nafasi ni ya jina moja na kalamu ya bibi imeshagusa karatasi. Mmoja aliuokoa uhai, mmoja akayatunza maneno, mmoja akayafikisha kwa watu. Je, ni nani hasa aliyestahili kuandikwa?