Biriani ya Usalama

Hii nimeletewa na shemeji yangu wa Tanga leo asubuhi, na tangu niisome sijatulia. Isome mpaka mwisho, kisha mpelekee yeyote unayemjua mwenye watu chini yake. Akikasirika, ujue imemgusa.

Palikuwa na meli ya kitalii iliyoitwa Johari. Ilikuwa meli ya anasa hasa: ghorofa juu ya ghorofa, bwawa la kuogelea juu kabisa, mgahawa wenye vioo pande zote, na watalii waliolipa fedha nyingi ili wakae bila kufanya lolote. Ilizunguka visiwani, leo bandari hii, kesho ile.

Mwenyewe alikuwa tajiri mmoja, Bwana Sudi. Huyu alikuwa na mpango wake wa usalama, aliubuni mwenyewe na aliuonea fahari kubwa. Kila Ijumaa asubuhi wakuu wa idara walisimama mstari mbele ya nahodha: wa mashine, wa vyumba, wa dobi, wa mgahawa, wa bwawa. Kila mmoja alitakiwa kusema neno moja tu, "Shwari," maana yake kwake hakuna kilichoharibika wala kupotea. Wote wakisema shwari, mchana wafanyakazi wa meli nzima walikula biriani. Mmoja akisema vingine, meli nzima ilikula maharage.

Na usidhani ilikuwa biriani ya kubahatisha. Mpishi mkuu, Mzee Mbwana, aliipika kwa mbuzi na zafarani, na harufu yake ilishuka ngazi zote mpaka chumba cha mashine kule chini. Watu walianza kuizungumzia tangu Jumatatu.

Zamani seremala mmoja aliwahi kusema mbele ya mstari kwamba kioo cha mgahawa kimepata ufa. Siku ile wakala maharage. Hakuna aliyemtukana. Walimnunia tu, wakamwita Bwana Maharage hata alipokuwa akisikia, na meli ilipotia nanga alishuka na sanduku lake, asirudi tena. Tangu hapo Johari ilikuwa shwari kila Ijumaa.

Nahodha wa zamani alipostaafu, akaletwa mwanamke wa Pemba, Nahodha Raya. Raya alikuwa mdadisi kuliko afya yake ilivyohitaji. Utotoni aliwahi kuifungua cherehani ya mama yake mkesha wa Idi, apate kuona uzi unapita wapi, na watoto wa nyumba nzima wakavaa nguo za mwaka uliopita. Alichapwa, lakini uzi aliuona.

Ijumaa yake ya kwanza melini, wote walisema shwari. Akafurahi. Ijumaa ya pili, shwari. Ya tatu, shwari. Hapo furaha ikaanza kumwasha. Kwenye meli aliyotoka haikupita siku bila bomba kuvuja au mlango kukwama. Hii nayo ilikaa kwenye maji ya chumvi usiku na mchana, na haiharibiki hata bawaba?

Akamwendea mhandisi mkuu, mtu mnene mpole aliyeitwa Faki.

"Mhandisi, hii meli haiharibiki?"

"Ni juhudi za watu wako, Nahodha," alisema Faki, akitazama viatu vyake.

"Hata taa haiungui?"

"Inaungua. Tunabadilisha."

"Mbona siambiwi?"

"Ikishabadilishwa, Nahodha, kuna la kuambiwa tena?"

Raya aliona jibu lile halina kasoro, na hilo ndilo lililomnyima raha. Isitoshe, alikuwa na sababu ya kujua ukweli upesi. Ijumaa iliyofuata Johari ilikuwa iondoke Mombasa kwenda Shelisheli, safari ndefu kuliko zote ilizowahi kufanya, meli ikiwa imejaa watu na watoto wao. Kabla ya kung'oa nanga, nahodha hutia sahihi kwamba chombo ni kizima. Akitia sahihi hiyo na chombo kikamfia katikati ya bahari kuu, hakuna atakayemfikia kwa wakati.

Basi akaamua kuipima meli yake. Asubuhi moja, watalii wakiwa kwenye chai, alipanda bwawani, akafungua sanduku la majaketi okozi, yale yanayovaliwa chombo kikipata hatari, akatoa moja. Kila jaketi lilikuwa limeandikwa kwa rangi jina la idara yake, na hili liliandikwa BWAWA. Akalificha kwenye kabati la chumba cha usukani, akafunga, ufunguo akautia mfukoni. Alitaka kuona ni nani atakayekuja kumwambia kwamba jaketi limepotea.

Siku ikapita, hakuja mtu. Asubuhi ya pili alipanda bwawani akafungua sanduku. Majaketi yalikuwa kamili.

Raya alisimama pale, mkono kiunoni. Akayapekua moja moja, na chini kabisa akakuta moja limeandikwa MGAHAWA.

Akashuka mgahawani, akajidai anaulizia samaki wa mchana. Sanduku la mgahawa nalo lilikuwa kamili, ila moja liliandikwa DOBI. Akaenda kwa dobi. Watu wa dobi walimkaribisha kwa heshima zote, wakamwekea kiti. Sanduku lao lilikuwa kamili, na moja liliandikwa VYUMBA.

Hapo alikuwa akitembea haraka, na kusema kweli alikuwa akiona raha. Alijua sasa mchezo ulivyo. Aliyekuta kwake pengo hakusema. Alichukua kwa jirani. Jirani naye alichukua kwa jirani yake. Pengo moja dogo alilolitoboa yeye mwenyewe lilikuwa likitembea ndani ya meli, na yeye alikuwa nyuma yake.

Lakini vyumbani alikwama. Sanduku la vyumba lilikuwa kamili, na kati ya majaketi yake moja lilikuwa halina maandishi kabisa. Rangi ilikuwa imesuguliwa ikatoka. Limetoka wapi? Raya alikagua chumba cha mashine, akakagua stoo, akakagua mabweni ya wafanyakazi na mashua za uokoaji. Kote kamili. Kwa siku nzima alizunguka akijiuliza pengo limeingia wapi, hata chakula kikawa hakimpandi.

Ijumaa ikafika. Bwana Sudi mwenyewe alikuja bandarini kuiaga meli yake, amevaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama. Biriani ilikuwa tayari iko jikoni, na kila mtu alikuwa akisikia harufu yake.

Raya akaona afanye zoezi la dharura kabla ya mstari wa shwari. King'ora kikalia. Watalii wakatoka vyumbani wakicheka, wakavalishwa majaketi, wakapangwa kwenye deki. Kila kitu kilikwenda vizuri. Nahodha naye akaingia chumbani kwake kuchukua la kwake, akafungua kabati.

Palikuwa na msumari mtupu.

Kwanza Raya alicheka, peke yake, mle ndani. Kisha kicheko kikamkauka, akaogopa. Ingekuwa hatari ya kweli, nusu ya meli ingekuwa inamtazama yeye sasa hivi, naye hana jaketi.

Akatoka vivyo hivyo. Zoezi lilipokwisha na watalii wakarudi kwenye starehe zao, aliwaita wakuu wa idara wote pale kwenye deki. Bwana Sudi alikuwa amesimama pembeni, akisubiri neno lake alipendalo.

"Leo hatuanzi na shwari," alisema Raya. "Leo nauliza. Jaketi langu liko wapi?"

Mkuu wa bwawa alimtazama wa mgahawa. Wa mgahawa alimtazama wa dobi. Wa dobi alimtazama mkuu wa vyumba, Bi Mishi, mama wa makamo aliyekuwa akimtandikia Raya kitanda kwa mkono wake na kumwekea karafuu kwenye mto.

"Nilichukua mimi, mwanangu," alisema Bi Mishi.

"Kwangu, Bi Mishi?"

"Vyumbani kulikuwa na pungufu, na Ijumaa ilikuwa inakaribia. Nikawaza, pengo likikaa kwa mtu yeyote litaonekana, maana kila mtu anakaguliwa. Nahodha hakaguliwi na mtu. Nikaona kwako ndiko litakakotulia, nikachukua la kwako na kulisugua jina."

"Na meli ingezama?"

Bi Mishi alionekana kushangaa kuulizwa. "Ningekupa langu," alisema. "Hilo nilishalipanga."

Raya alilazimika kutazama baharini kidogo. Kisha akamtuma mshika usukani na ufunguo, jaketi la bwawa likaletwa.

"Hili halikupotea," aliwaambia. "Nililichukua mimi, kwa mkono wangu, nione ni nani atakuja kuniambia. Hamkuja hata mmoja. Mmelihamisha mpaka mkanivua la kwangu. Sina hasira na Bi Mishi wala na mtu yeyote. Ila nina sahihi ya kutia leo, na ninaogopa kuitia. Nataka kujua kama kuna pengo jingine linalotembea humu ndani, ambalo sikulitoboa mimi."

Hatimaye mhandisi Faki alikohoa.

"Nahodha, pampu ya kupozea mashine ya kushoto imekufa."

"Mbona wiki iliyopita niliikagua, ikafanya kazi?"

"Ulikagua ya kushoto asubuhi na ya kulia jioni," alisema Faki. "Mchana ule niliihamisha. Pampu ni hiyo hiyo moja."

"Kwa hiyo tunatembea kwa mashine moja?"

"Tangu msimu uliopita. Visiwani haijulikani, maana hatuna haraka, na nchi kavu iko karibu."

"Na Shelisheli?"

Faki alitazama viatu vyake. "Shelisheli ni mbali, Nahodha."

Bwana Sudi hakuweza kuvumilia zaidi. Alijitosa katikati yao, uso umemwiva.

"Meli yangu haikuwa na tatizo hata moja mpaka ulipokuja wewe," alimwambia Raya. "Hata moja. Muulize yeyote."

"Matatizo yalikuwepo, Bwana Sudi," alisema Raya kwa upole. "Uliyapa biriani yanyamaze."

Tajiri aligeuka huku na huku akitafuta mtu wa kumtetea. Akamwona Mzee Mbwana, ametoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kwa nini watu hawaji kula.

"Mbwana," alisema, "wewe tumekuwa pamoja tangu meli hii ni mpya. Waambie. Huko jikoni kwako kuna kilichoharibika?"

Mzee Mbwana alifikiri. Alikuwa mtu mzima, na uongo ulikuwa umeanza kumchosha.

"Tajiri, mashine ya kuvuta moshi jikoni imekufa tangu Ramadhani. Hewa ya kwangu yote inashukia chini." Akawatazama wenzake. "Nyinyi mlidhani biriani inanukia mpaka chumba cha mashine kwa utamu wake tu?"

Hapo hata Faki alicheka, akiwa na aibu zake zote. Lakini Raya hakucheka. Alikuwa akiwaza kwamba siku jikoni itakaposhika moto, moshi ungefuata njia ile ile ya harufu, ukawakuta watu wa mashine chini bila pa kutokea. Kila Ijumaa walikuwa wakivuta pumzi ya tatizo lao na kulisifia.

Baada ya hapo ulimi wa kila mtu ulifunguka. Wa dobi alisema mlango wake wa kuzuia maji haufungi mpaka upigwe teke. Wa mgahawa alisema kile kioo cha Bwana Maharage bado kina ufa, wamekiziba kwa pazia. Raya alisikiliza yote, akiwashukuru mmoja mmoja, kisha akatangaza kwamba Johari haiondoki.

"Na biriani?" aliuliza mtu kwa nyuma, kwa sauti ndogo.

"Biriani inaliwa," alisema Raya. "Leo na kila Ijumaa. Ila kuanzia leo, sahani ya kwanza, yenye nyama nono, ni ya aliyeleta habari ya kilichoharibika. Anayesema shwari atasubiri nyuma."

Bwana Sudi alikusanya kanzu yake, akaanza kuteremka ngazi ya kushukia gatini kwa hasira, akinong'ona kwamba atatafuta nahodha mwingine, mwenye heshima. Walimtazama akishuka. Alipofika katikati alishika reli ya ngazi kwa nguvu, na reli ikamfuata mkononi.

Alisimama. Chini yake palikuwa na maji meusi ya bandari, kati ya ubavu wa meli na ukuta wa gati. Aliitikisa ile reli tena, polepole, akaitazama skrubu yake iliyolegea. Ngazi ile alikuwa ameipanda na kuishuka miaka yote. Bila shaka wengi walijua.

Kisha akageuka, akapanda kurudi juu, safari hii akishika upande wa pili.

"Nahodha," alisema, na sauti yake haikuwa ya tajiri tena. "Hii reli inacheza."

Raya alimtazama, akamgeukia mpishi.

"Mzee Mbwana," alisema, "mpakulie Bwana Sudi sahani ya kwanza."

Funzo: Ukimwadhibu anayekuletea habari mbaya, ubaya hauondoki, watu watauhamisha kimya kimya kutoka mlango hadi mlango, na mwisho utatulia kwenye mlango usiokaguliwa na mtu, nao ni mlango wako.