Mnazi Chumbani mwa Bi Kindi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakipangishana vyumba na kununiana uani, Bi Kindi alipanga chumba kwa Bwana Kiboko. Kodi alilipa mapema, sauti hakupaza. Lakini Kiboko alikuwa na shemeji aliyeoa juzijuzi, na bibi harusi alikipenda chumba kile kile.

Asubuhi moja ya masika, kwaa! ng'weee! Kiboko akang'oa mlango, akautia begani.

"Bwana wee! Mvua yote hii, na wanangu hata manyoya hawajaota!" Bi Kindi akalia.

"Nani kakufukuza, mama? Kaa tu! Mlango naupeleka kwa fundi."

"Utarudi lini?"

"Ukishahama!" Kiboko akacheka, hohohoo! tumbo likamtikisika.

Bi Kindi mbio kwa Karani Korongo, mshauri wa kesi za nyumba. Alimkuta kasimama kwa mguu mmoja; ule wa pili alikuwa bado hajaamua auweke upande gani.

"Sheria inakataza kumtoa mpangaji," Korongo akasema. "Kumtolea mlango, haikusema."

"Na mvua ikiingia?"

"Hapo uishitaki mvua."

"Basi hicho ni chumba gani, karani, kisicho na mlango?"

"Kisheria si chumba. Ni kiwanja chenye kuta."

Mkia wa Bi Kindi ukasimama, twaa! "Kiwanja?"

"Kiwanja."

"Ahsante, baba. Umenifaa kuliko ulivyokusudia."

Mchana Kiboko akasikia chaku! chaku! Kuchungulia, anamwona Bi Kindi kachimba shimo katikati ya chumba, anasukuma mche wa mnazi uliomzidi kimo.

"We! We! Unafanya nini humo?"

"Napanda mnazi, jirani. Pita tu, shambani hakupigwi hodi."

Nani asiyejua desturi? Ardhi iwe yako, lakini mnazi ni wa aliyeupanda, na wanawe, na wajukuu wake. Hawatoki mpaka uwaridhishe.

"Chumbani hakupandwi mnazi!"

"Kweli kabisa. Kamuulize Korongo kama hiki ni chumba."

Kiboko akatoka mbio, puu! puu! puu! Aliporudi, sauti ilikuwa imeingia asali.

"Bi Kindi, mama yangu, usiufukie kwanza."

"Jembe linaniwasha mkononi, baba. Wanangu wanalowa."

"Naleta mlango!"

"Na bawaba mpya. Zile zilikuwa zinanilia."

Ko! ko! ko! Kiboko akaupigilia mwenyewe, jasho linamchuruzika, shemeji kamshikia misumari na uso kaukunja. Mlango ulipofunga sawasawa, Bi Kindi akauviringisha mche hadi kwa bibi harusi.

"Zawadi yenu," akasema. "Mkipata kwenu, mpande."

Kisha akaingia ndani, akafunga, na vitoto vikalala vikavu.

Mkubwa anayetafuta tundu katika sheria akumbuke kwamba kwenye tundu mdogo ndiye hupenya upesi.