Sitara Mwenye Haya na Chui Mfugaji

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile ambazo hata chui alikuwa na nyumba yenye baraza na mlango wa kubisha hodi, aliishi Bwana Chui na mkewe, Bi Madoa. Walikuwa wamehamia nyumba mpya ya mawe kando ya korongo. Bwana Chui akipita njiani, swala alijificha, ngiri alijificha, hata nungunungu na mishale yake yote alijikunja akawa kama mpira. Bwana Chui aliona hiyo ndiyo heshima.

Basi siku moja mbiu ikapigwa. Sultani Simba anamwoza binti yake!

"Binti yangu ana kila kitu," alisema Sultani. "Mazulia anayo, marashi anayo. Anachokitamani ni kimoja tu: kiumbe mdogo atakayemjia mkononi kwa hiari yake. Kwa sababu gani wengine hawamjii, sijui. Kila anayemwona anakumbuka ana kazi nyumbani. Atakayemletea kiumbe huyo siku ya harusi, nitamfanya waziri wangu."

Waziri! Bwana Chui aliposikia neno hilo, masharubu yalimsimama. Alikwenda moja kwa moja kwenye mto mkavu wanakoishi panya wa mchangani. Si panya wa ghalani hawa, la! Ni wale wadogo wenye manyoya ya rangi ya mchanga, kishungi kwenye ncha ya mkia, na miguu mirefu ya nyuma ya kurukia. Alinyata, akavizia, akarusha mtego wake wa kamba. Fyaa! Akanasa wawili, madada wa tumbo moja. Mmoja aliitwa Chereko, wa pili Sitara.

Akawaleta nyumbani, akawatia kwenye sanduku kubwa la mbao lililojazwa mchanga, akaliweka sebuleni.

"Tazama, mke wangu! Nitawafuga hawa mpaka wale kiganjani. Halafu nitawapeleka kwa Sultani."

"Na wakifika huko?" aliuliza Bi Madoa.

"Binti Simba atawachezea asubuhi, jioni atawatafuna. Ndiyo desturi ya nyumba ile. Mimi nitakuwa nimeshavaa joho langu la uwaziri."

"Punguza sauti. Watakusikia."

"Panya!" alicheka Bwana Chui. "Panya anajua nini?"

Ndani ya sanduku, masikio mawili madogo yalisimama. Kisha mengine mawili.

Asubuhi yake Bwana Chui alikuja kuanza kazi. Alipofunua kifuniko tu, Chereko akaruka, hop! juu ya ukingo, hop! juu ya mkono wake, hop! mpaka begani.

"Hodi, Bwana mkubwa! Lo, masharubu haya yote ni yako peke yako? Na haya madoa, ulizaliwa nayo au umepaka?"

Bwana Chui akafurahi mno. "Umeona, Bi Madoa? Huyu kwisha! Amefugika kabla sijanywa chai!"

Lakini Sitara? Sitara alipoona jicho la chui, chubwi! akazama mchangani. Kilichobaki ni ncha ya pua, nayo inatetemeka.

"Njoo hapa!" Bwana Chui aliunguruma.

Ncha ya pua ikazama nayo.

"Toka, nasema!" Akaingiza mkono mzima, akachakura huku na huku, mchanga ukaruka mpaka kwenye mito ya viti. Akagusa kitu laini. Mkia! Akataka kuuvuta.

"Ewe Bwana, usimshike mkia!" Chereko alipiga kelele sikioni mwake. "Mkia wetu huchunika! Utabaki na mkia mkononi, na Sultani hakuomba mkia."

Bwana Chui akauachia upesi. Kutoka chini ya mchanga ukaja mlio: du-du-du-du! Ni Sitara, anapiga mguu wa nyuma kwa hofu.

"Anasemaje?" aliuliza Bwana Chui.

Chereko akajipangusa uso kwa mikono yote miwili.

"Anasema ana haya," alijibu. "Dada yangu hakuumbwa kama mimi. Yeye amehamia nyumba mpya, harufu mpya, sura mpya. Na sura yenyewe, usinifahamu vibaya, ni sura yako. Bwana, huyu hafugwi kwa nguvu."

"Hufugwa kwa kitu gani?"

"Kwa adabu. Ukisikia mlio ule wa mguu, lala chini kifudifudi. Fumba macho. Ficha kucha. Nyosha kiganja wazi, katikati uweke mbegu ya boga. Kisha usubiri. Atakuja mwenyewe."

"Mimi nilale chini? Mimi, Chui?"

"Basi usilale, Bwana. Labda Fisi atalala. Nasikia naye anautaka uwaziri."

Puu! Bwana Chui alikuwa ameshalala.

Alifumba macho, akanyosha kiganja. Akasubiri. Mgongo ukamuwasha, hakujikuna. Nzi akamtua puani, hakumfukuza. Tena akajisemea moyoni, "Subira, Chui. Subira yavuta heri." Mara akasikia mchanga ukichakarika, kwa mbali, ukasogea, ukanyamaza. Kisha kitu kama unyoya kikampapasa kiganjani. Chwap! Mbegu imekwenda.

Akafumbua macho. Hakuna mtu.

"Amekula! Bi Madoa, amekula mkononi mwangu! Nimemweza!"

"Hongera," alisema Bi Madoa kutoka jikoni. "Sasa inuka, nataka kufagia."

Tangu siku hiyo, nyumba ya Bwana Chui ilibadilika. Du-du-du-du! Bwana Chui yuko chini. Mbegu moja. Du-du-du-du! Yuko chini tena. Siku nyingine Sitara alipiga mguu jua likiwa linachomoza, siku nyingine mchana wa joto, siku nyingine Bwana Chui ameshika paja la nyama mezani na bado hajaling'ata. Paja lilianguka sahanini, yeye akaanguka mkekani.

"Chakula kinapoa," alisema Bi Madoa.

"Shhh! Anakuja!"

"Nani anakuja? Mimi kila siku naona wewe tu ndiye unayekwenda."

"Wewe huelewi mambo ya ufugaji," alinong'ona Bwana Chui kutoka chini. "Hii ni elimu."

Na Chereko, mchangamfu wa watu, alizidi kumpa elimu. Huku amekaa begani, anatafuna, alimwambia, "Dada angetoka upesi zaidi, ila kinu cha Bi Madoa kinamshtua." Kinu kikanyamaza. "Dada angezoea, ila harufu ya nyama inamtisha." Nyama ikahamishiwa nyuma ya nyumba. "Dada anakusifu sana, Bwana, ila kuunguruma kwako..." Bwana Chui akaacha kuunguruma. Akawa anaongea kwa sauti ya bibi harusi. Wageni wakibisha hodi, aliwatokea na kidole mdomoni: "Tafadhali, polepole. Mtoto amelala."

Bi Madoa alishika tama. "Mume wangu, siku hizi hata swala hawakimbii wakikuona. Jana mmoja amekusalimia."

"Ni kwa sababu ya heshima," alijibu.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo Bwana Chui hakumwambia mtu. Maisha yake yote hakuna kiumbe aliyewahi kumjia. Wote walikimbia. Sasa, amelala pale macho yamefumbwa, alipopapaswa na yale masharubu madogo kiganjani, kitu kifuani mwake kililegea, akatamani mbegu isiishe upesi. Jioni ya kuamkia harusi alilichungulia sanduku, moyo ukamchoma kidogo, kama mwiba wa mgunga.

"Maskini, wameshanizoea," alisema. Akameza mate. "Lakini uwaziri ni uwaziri." Akaenda kupiga pasi kanzu yake.

Siku ya harusi uwanja wa Sultani ulijaa. Twiga walisimama nyuma kwa sababu wao huona popote, nyati walikaa pembeni wakipepewa, na ngoma zililia. Binti Simba alikaa juu ya zulia, mikono imejaa hina, amechoka na kila zawadi aliyoletewa. Bwana Chui akaja na kanzu nyeupe na kilemba, sanduku kichwani. Mkewe alimfuata nyuma.

"Sultani wangu!" alianza. "Watu wengi hudhani kufuga ni nguvu. Hapana! Siri yake ni subira. Mfugaji hodari hutoa ishara moja tu, na mfugwa hutii papo hapo, bila kufikiri!"

"Hebu tuone," alisema Sultani.

Bwana Chui akafunua kifuniko. Hop! Chereko akaruka juu ya kilemba, akainama kulia, akainama kushoto, akampungia mkono bwana harusi. Watu wakapiga makofi. Binti Simba akainuka kwenye zulia.

"Na yule wa pili?"

"Yule wa pili ni mwenye haya, Bibi yangu, lakini huyo ndiye kazi yangu bora." Akainama juu ya sanduku. "Sitara, binti yangu. Toka uonekane."

Akasubiri.

"Sitara?"

Mchanga ulitulia kama maji ya mtungini. Ngoma zilinyamaza. Watu wote wakanyosha shingo, na wale twiga, mnajua wenyewe. Na ndipo, kutoka chini ya mchanga, taratibu lakini kwa nguvu, ukasikika mlio.

Du-du-du-du!

"Simama, Chui," alijiambia Bwana Chui. "Simama hapa hapa, mbele ya watu." Lakini magoti hayakumwuliza. Magoti yalishazoea.

Puu! Alianguka kifudifudi mbele ya Sultani, kilemba kikaviringika, Chereko akaruka pembeni. Macho yakafumba. Kucha zikajificha. Kiganja kikanyooka, kikafunguka, kikangoja.



Sitara akatoka mchangani. Hakukimbia. Alijikung'uta, akapita ukingoni, akashuka mkononi mwa Bwana Chui, akapanda bega, akapanda shingo, akaketi juu ya kichwa katikati ya masikio mawili. Haya? Haya gani! Alisema kwa sauti iliyosikika mpaka walipokaa nyati:

"Sultani, tumesikia binti yako anatamani kiumbe atakayemjia kwa hiari. Mimi na dada yangu tumekuletea huyu. Tulipohamia kwake alikuwa mkali, anachakura, anashika watu mikia. Tumemlea kwa subira. Sasa haungurumi, hasumbui wageni, na ukimwita kwa mguu analala."

"Uongo!" alipiga kelele Bwana Chui, akaruka kusimama, Sitara akashikilia sikio lake. "Uongo mtupu! Mimi ndiye mfugaji! Mimi ndiye..."

Binti Simba alikuwa amesogea. Macho yanang'aa. Akainua mguu wake, akaupiga chini kwa majaribio: du-du-du-du!

Puu!

Lo! Uwanja mzima ulipasuka. Nyati walicheka mpaka wakashikana pembe. Ngiri aligaagaa. Bwana harusi alijifunika uso kwa shuka, mabega yanatikisika.

"Baba!" alisema Binti Simba. "Namtaka huyu! Huyu huyu! Tazama, amenyosha na mkono!"

"Nami nilidhani ni waziri," alisema Sultani, akijifuta machozi. "Mfungeni utepe mwekundu shingoni."

"Sultani, nisikilize..." Bwana Chui alisema kwa sauti ndogo, maana sauti kubwa alishaisahau.

"Mpeni mbegu za maboga," Chereko aliwashauri watumishi. "Nyama humtia jeuri."

Wakati watu bado wanacheka, madada wawili wa mchangani waliteremka uwanjani wakiwa wameshikana mikono. Hop, hop, hop, wakapita katikati ya miguu ya twiga, wakaushika mto mkavu, wakaingia kwao.

Bi Madoa naye alirudi nyumbani, akatoa kinu chake nje mchana kweupe, akatwanga mpaka akatosheka. Majirani wakamjia: "Bi Madoa, huendi kumwomba Sultani akurudishie mumeo?"

Bi Madoa akafikiri, mchi mkononi.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini nyumba ile ni mpya kwake. Mwacheni kwanza azoee."

Ndiyo hivyo, wanangu: kabla hujajisifu kuwa umemfuga mwenzio, tazama kwanza nani anamwitikia nani.