Breki ya Nsajigwa

Breki inayolia haipakwi mafuta. Ndivyo alivyosema yule bibi kikaoni, mlipotaka kumwondoa katibu wenu kwa kuwa analalamika mno, nanyi mkacheka mkidhani bibi anazungumzia baiskeli. Kweli, alizungumzia baiskeli. Kaeni niwaeleze ilikoanzia.

Ilianza na mlio. Kwiiii, kutoka ndani ya msitu wa Ndubi, kabla hujaona tairi wala mtu. Tumpe akiusikia kwenye kona ya juu hubandika chungu jikoni. Maji yakianza kuchemka, mumewe Nsajigwa huwa anaiegemeza baiskeli ukutani. Ilikuwa baiskeli kuukuu, na raba za breki zake zilipobana rimu zililia kiasi cha kuwatawanya kuku.

Gwakisa, mdogo wake Tumpe, aliuchukia mlio huo. Alikuwa kijana mwenye miguu ya chuma na ulimi wa moto. Alitunga mashairi bila kufundishwa na mtu, akayaghani palepale kwenye tandiko, akipanda vilima ambavyo wenzake waliviangukia kifudifudi. Kila mwaka, mvua kubwa zikipungua, yeye, shemeji yake na wenzao watatu walizunguka nchi ya mito saba kwa baiskeli. Hawakubeba bidhaa wala hawakumtembelea mtu. Waliokutana nao njiani waliuliza, "Mnakwenda wapi?" Gwakisa akajibu, "Tunakwenda kurudi." Watu wakacheka, wakawapa ndizi.

Katika safari hizo Nsajigwa alikuwa mkia. Hilo ndilo jina walilompa anayeteremka wa mwisho, ili amwokote atakayeanguka. Na walikuwa na desturi yao: wa mbele hageuki nyuma mteremkoni, husikiliza tu. Breki ya mkia ikilia, wote wazima. Lakini Nsajigwa hakulia kwa breki peke yake. Alilia na kwa mdomo. "Shemeji, punguza. Shemeji, kona hiyo ina kokoto. Shemeji, ulikaza nati?" Miaka tisa, mlima baada ya mlima.

Mwaka huo, siku ya nne, walipumzika juu ya mteremko wa Kalanga. Chini kabisa, mto Kibwele ulinguruma kwenye mawe, na juu yake lilikuwapo daraja la magogo, jembamba, la kupita mtu mmoja mmoja. Manyunyu yalikuwa yamepita asubuhi. Walikula magimbi kwa mboga ya mawese, na Gwakisa akaghani shairi jipya la msitu ule. Alipofika kwenye ubeti alioupenda kuliko yote, Nsajigwa akamkatiza.

"Shemeji, huko chini pana utelezi. Leo tuteremke kwa miguu."

"Miguu ya nani?"

"Yetu sote."

"Wewe na breki yako mmezaliwa tumbo moja," Gwakisa akasema. "Hakuna anayejua nani mkubwa, ila wote mnalia."

Wenzao wakacheka. Nsajigwa naye akacheka kidogo, akainuka kwenda kuchota maji kijitoni. Ndipo Gwakisa akaghani papo hapo:

*Kinacholia kipake mafuta, kelele koma;*
*njia yangu niiteke, wazee wabaki nyuma.*

Wakampigia makofi. Na makofi, wanangu, ni upepo mbaya kwa mtu aliyekwisha kushika moto. Gwakisa alijua kupanda mlima. Hakujua kutengeneza hata pedali, kwa kuwa shemeji yake ndiye aliyemtengenezea kila kitu. Alijua mlango ukilia bawaba hupakwa mafuta. Alijua mnyororo ukilia hupakwa mafuta. Breki ingekuwa na tofauti gani? Akachovya kidole kwenye mawese yaliyobaki, akazipaka raba zote nne za breki ya Nsajigwa, mbele na nyuma, kisha akajifuta kwenye suruali. Wenzake walikuwa wakifunga mizigo, hawakuona.

Waliteremka. Wale watatu walitangulia, kisha Gwakisa, kisha mkia.

Kona ya kwanza ilikuwa kimya, na Gwakisa akafurahi. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alisikia ndege wa msitu ule. Alisikia matone yakidondoka kwenye majani, akasikia mto. Akaanza kutafuta vina vya ukimya huo. Kona ya pili, upepo ukampiga bega. Nsajigwa alikuwa ubavuni pake, miguu yote miwili inaburuta ardhini, kiatu kimoja kimekwisha kuchanika, vidole vimekamata breki hadi vimekuwa vyeupe.

"Shemeji, hazishiki," alisema. Hakupaza sauti. Kisha akampita.

Darajani mmoja wa wale watatu alikuwa amesimama katikati ya magogo akirudisha mnyororo uliochomoka. Alikuwa amewapa mgongo. Hakuwa na wasiwasi, maana hakusikia breki, akadhani mkia bado yuko mbali. Gwakisa aliliona daraja, akamwona mtu yule, akamwona shemeji yake akiinua kichwa na kuona aliyoyaona yeye. Kisha Nsajigwa akakata usukani kushoto, nje ya njia, kwenye mawe ya mto.

Gwakisa alipofika, gurudumu la nyuma lilikuwa bado linazunguka, polepole, bila sauti. Alilishika kulisimamisha. Mkono wake ukateleza.

Nsajigwa alikata roho kabla hawajamaliza kufunga machela ya matawi.

Wenzake walisema ni mvua. "Rimu zililowa," wakasema, "breki haishiki kwenye maji." Walimwambia hivyo kila waliyekutana naye njiani, na kila aliyeambiwa akaitikia. Gwakisa alikokota baiskeli ya marehemu nyuma ya machela siku nzima na nusu, na kila hatua aliuona mlango ulioachwa wazi: mvua. Angenyamaza tu. Manyunyu mengine yangekuja kuziosha raba, na hakuna ambaye angejua.

Walipofika nyumbani, Tumpe alikuwa amesimama uani. Jikoni hapakuwa na chungu.

"Mbona sikumsikia?" aliuliza. Aliyatazama machela, kisha akamtazama mdogo wake. "Gwakisa, mbona sikumsikia?"

"Ni mvua, mama," mmoja wa wenzake akaanza.

"Si mvua," Gwakisa akasema. Akamwonyesha doa jekundu kwenye suruali. "Nilizipaka mawese, dada. Zilikuwa zinanikera."

Tumpe aliisogelea baiskeli, akapitisha kidole kwenye raba, akakinusa. Harufu ya chakula. Alibaki amechuchumaa pale, kidole karibu na pua.

"Miaka tisa amelia nyuma yako," alisema. "Ulidhani anakusumbua. Alikuwa amekushika." Akakifuta kidole kwenye khanga yake. "Breki inayolia haipakwi mafuta, Gwakisa."

Ndiyo mara ya kwanza maneno hayo kusemwa duniani, na yalisemwa na mjane. Kwa hiyo kesho mkikaa tena na katibu wenu, msiangalie mdomo wake. Angalieni mteremko.

Gwakisa hakutunga tena. Siku walipomaliza matanga aliziosha raba kwa majivu na maji ya moto, akaifunga breki upya kwa mikono yake, akaharibu mara nne, akapatia mara ya tano. Akaipandisha baiskeli hadi kona ya juu, akateremka. Kwiiii. Kuku wakatawanyika. Tumpe alitoka jikoni mbio, akasimama mlangoni, akaona si yeye.

Gwakisa akapiga magoti mbele ya dada yake.

"Nitakaa juu ya Kalanga," alisema, kwa sauti ya kusikika na majirani. "Nitajenga kibanda pale. Hatateremka mtu kabla sijaisikia breki yake ikilia, na nitamwambia kila mmoja ni kwa nini: breki inayolia haipakwi mafuta. Nakuahidi, dada. Mpaka niingie kaburini."